Mkwe Aliyekataa Kuondoka

Mpendwa mke wangu, Mama Tumaini,

Huku Chilangala mikorosho imeanza kutoa maua, na mimi mumeo nimeanza kunyoa ndevu kila asubuhi. Najua umeshacheka. Ulikuwa ukisema nikinyoa katikati ya wiki, ama mkaguzi anakuja shuleni ama kuna jambo. Mkaguzi haji.

Anaitwa Mama Rehema, fundi cherehani. Nilimpelekea suruali anipunguzie kiuno, maana tangu uondoke najipikia, na mapishi yangu unayajua. Ameshaolewa mara mbili. Wa kwanza, Baba Rehema, alimwacha akahamia kwa mwanamke wa Mnyambe. Wa pili alikuja na msimu wa korosho, akaondoka nao. Dada yangu kasikia, akanipigia simu.

"Kaka, huyo kazika wanaume wangapi?"

"Hajazika hata mmoja. Wote wazima."

"Basi hilo ndilo baya zaidi!"

Nikaogopa. Unanijua: wewe mwenyewe nilikuzungukia mwaka mzima pale Lukuledi, nikijifanya nakuletea vitabu, hadi ukaniuliza, "Mwalimu, unanichumbia au unanisahihisha?"

Jumapili iliyopita nikaenda kwake, nikiwa na nia ya kusema ndiyo, tuoane, au kuchukua suruali yangu na kuaga. Barazani nikamkuta kikongwe ameketi mkekani, anabangua korosho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye huyu mwalimu? Mbona mwembamba?"

Mama Rehema akacheka. "Huyu mama mkwe wangu."

Nikauliza, mkwe kwa mume yupi?

"Wa kwanza. Mume alipoondoka, mama yake akakataa kuondoka."

"Nilimwambia mwanangu, wewe nenda," bibi akadakia. "Mimi kwangu hapa."

Kabla sijameza hilo, Baba Rehema mwenyewe akaingia, anasukuma baiskeli yenye madumu ya maji ya mama yake. "Karibu, mwenzangu," akaniambia. Mwenzangu! Akaketi ukingoni mwa mkeka kama mgeni. Mama Rehema akammiminia chai, akamuulizia watoto wake wa Mnyambe, mmoja mmoja kwa jina, na yule mwenye pumu akamuulizia mara mbili. Sikuona uchungu usoni pake, wala maonyesho. Mke wangu, mimi mwalimu mwenzangu akiazima chaki asirudishe, simsalimii wiki nzima. Sikujua moyo wa mtu unaweza kuwa na vyumba vingi kiasi kile, na vyote vimefagiliwa.

Baba Rehema alipoaga, bibi akanipa jiwe nimsaidie. Niliponda kila korosho niliyoigusa.

"Anaziharibu zote," bibi akasema.

"Anaharibu, lakini haachi," Mama Rehema akajibu kutoka kwenye cherehani.

Ndipo bibi akaniuliza, "Na mkeo umemweka wapi?"

"Alifariki, bibi. Kaburi lake liko Lukuledi."

"Sijauliza kaburi. Wewe umemweka wapi?"

Ikabidi niseme. Picha yako niliishusha ukutani nilipoanza kuja pale, nikaifunika kwa mashati sandukuni, eti nisimuudhi mtu. Cherehani ikanyamaza. Mama Rehema akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Mwalimu, mlete. Ukuta wangu una nafasi."

"Humu hatumtoi mtu," bibi akaongeza, akaendelea na korosho zake.

Nilikuwa nimekwenda kupima mizigo ya mwenzangu, Mama Tumaini. Kumbe yeye alikuwa ananitengea mahali pa kutua mzigo wangu.

Nikasema ndiyo. Safari hii sikuhitaji mwaka.

Jumamosi tunateremka Lukuledi sote watatu, tupalilie kaburi lako nikuambie ana kwa ana. Bibi kang'ang'ania kuja. Anasema hawezi kukaa nyumba moja na mtu ambaye hajamsalimia.

Picha yako nimeshaifuta vumbi na kuipeleka. Iko mkabala na mlango, unaona kila anayeingia. Msumari nimeupigilia mwenyewe, kwa hiyo utakaa upande kidogo. Nivumilie, kama zamani.

Mumeo hata sasa,
Baba Tumaini