Kura Zilizoapishwa Gerejini

Mdogo wangu mbishi,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwa binti yako. Natumaini zimekukuta umekaa, mguu juu ya kiti kama daktari alivyoagiza, ingawa nakujua, utakuwa umesimama jikoni unamfundisha mwenye nyumba kuosha sufuria zake. Je, goti linakunjika? Na mkwe wetu, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Habari hizi napewa na binti yako kwa simu, usimgombeze. Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika, lakini umelalamika tangu ujana na haujawahi kufungua kesi.

Ningekupigia simu mwenyewe, ila najua ungenikatia. Barua huwezi kuikatia. Utaikunja, utaitupa kwenye kapu, kisha utairudia ukidhani hakuna anayekuona.

Matokeo umeshayasikia. Rafiki yako Mkunga ndiye diwani wetu, na mgombea wetu Mkandarasi amebaki na mabango yake. Nasikia ulipiga vigelegele mpaka goti likakukumbusha umri. Vizuri. Lakini kilichotokea baada ya kura hukusikia, maana hakuna anayekijua chote isipokuwa mimi, kwa hiyo kaa nikuhadithie.

Uchaguzi uliopita mliposhindwa, ulisimama mlangoni kwangu ukasema tumeiba. Nilikuchekea, nikakwambia mkubali matokeo kama watu wazima. Ukabeba sanduku lako ukahamia huko bila kuaga. Basi safari hii, matokeo yalipobandikwa ukutani, Mwenyekiti wetu, yule tunayemwita Kipaza kwa sababu hajawahi kunong'ona, alipanda juu ya benchi la gereji yangu ya baiskeli akatangaza kwamba tumeibiwa. Mdogo wangu, ningetaka uwepo! Maneno yalikuwa yaleyale yako. Masanduku yamebadilishwa, wino umechakachuliwa, wafu wamefufuka kupiga kura wakarudi kulala. Wenzetu waliokuwa wakikucheka nao wote walikuwa wanapiga meza. Na vijana wa chama chako, waliolia pamoja nawe, walikuwa wanapita mbele ya gereji wakituambia tukubali matokeo kama watu wazima. Tulikuwa tumebadilishana nguo tu.

Kipaza alikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe ni sisi. Unalikumbuka jiliwa langu, lile dude la chuma la kubania fremu pale mezani. Ilianza kama mzaha: mtu akisema uongo kwenye drafti, tunamwambia aweke mkono kwenye jiliwa aape. Kipaza akaufanya mzaha ule kuwa kazi ya chama. Wiki ya mwisho ya kampeni alimpitisha kila mwanaume wa kijiwe, mkono kwenye chuma, aape kumpigia Mkandarasi. Kinyozi aliapa, fundi bomba aliapa, muuza magazeti aliapa kwa sauti kuliko wote. Walioapa walijaa gereji wakamwagikia barabarani. Halafu kura zikahesabiwa, na za Mkandarasi kwenye chumba chetu cha kupigia kura ni chache kiasi kwamba waliozipiga wangekaa kwenye benchi moja na bado nafasi ya kujinyoosha ingebaki. Kwa hesabu ya Kipaza, basi, zimeibiwa. Viapo alivihesabu kama kura zilizokwisha kuingia sandukuni.

Tatizo lake lilikuwa moja, nalo ni kaka yako. Mimi ndiye niliyekuwa wakala wa chama ndani ya kile chumba. Nilikaa mbele ya sanduku na kofia ya chama kichwani, sikutoka hata kukojoa, na mgongo ni shahidi wangu. Nilizitazama karatasi zikifunuliwa mojamoja. Ilipotokea moja ambayo alama yake imepotoka nje ya kisanduku kwa upande wa Mkandarasi, wakala wenu alitaka itupwe. Nilibishana naye mpaka mate yakamrukia miwani. Nilisema mpiga kura huyu ana mkono unaotetemeka na si akili inayotetemeka, na msimamizi akakubali, tukapewa. Kura ile moja ilikuwa jasho langu. Mwisho nikasaini matokeo, kwa sababu nilichokiona ndicho kilichoandikwa.

Kipaza hakukitaka kilichoandikwa. Alinijia na wakili wa chama, binti mmoja mwerevu aliyevaa viatu visivyofaa kwa matope yetu, akiwa na karatasi za kiapo cha mahakamani. Kila aliyeapa kwenye jiliwa asaini kwamba alimpigia Mkandarasi, na mimi nisaini kwamba nililazimishwa kukubali matokeo. Zikipatikana hizo, wanakwenda kuomba uchaguzi ufutwe, na Mkunga asiapishwe. Nilimuuliza Kipaza nililazimishwa na nani. Akanijibu kwa sauti yake ya uwanjani kwamba hilo wakili atalijaza. Nikasema sisaini. Hapo nilipata majina, mdogo wangu, mengine sikujua kama yapo. Msaliti, kibaraka, mzee aliyenunuliwa. Kinyozi, ambaye kichwa changu amekishika miaka yote hii, alisema ana hakika nilisinzia kwenye kile chumba. Muuza magazeti akasema ndevu zangu tu zinaonyesha nimekula njama.

Niliona wanaweza kufanikiwa. Wakili alisema viapo vya kutosha vinaweza kumsimamisha Mkunga kwa miezi, hata kama mwishowe vitaonekana si kitu, na neno langu peke yangu halitawazuia. Basi nikacheza kamari. Nikapanda kwenye benchi lilelile, nikasema mimi si mtu wa kuwaangusha wenzangu. Wote walioapa wasaini kwanza, mmojammoja, hapa mbele ya macho yangu. Wakimaliza, nami nitasaini kwamba nililazimishwa, na kalamu nitaitafuna. Kipaza alifurahi akanikumbatia, nikamsikia harufu ya ushindi kwenye shati. Kisha nikamwomba wakili, kwa upole wa mzee aliyeishia madarasa ya chini, atueleze sisi tusiosoma: mtu akisaini uongo kwenye karatasi hizi anafanywa nini? Binti wa watu akaeleza vizuri kabisa. Jela.

Ungekiona kijiwe kile kilivyoanza kuutazama mlango! Kinyozi aliitwa wa kwanza, akajipapasa mifuko, akasema hawezi kusaini asichokisoma na miwani ameisahau nyumbani. Mtu huyo hunyoa shingo za watu kwa wembe kila siku bila miwani yoyote! Fundi bomba akakumbuka kwamba mambo ya mahakama lazima amshirikishe mkewe, na alipotoka kwenda kumshirikisha alielekea upande usio wa nyumbani kwake. Muuza magazeti akasema yeye kusoma kwake ni kwa kubahatisha, wakati ndiye anayetusomea kurasa zote kila asubuhi mpaka matangazo ya vifo. Mmoja mkono ulimfa ganzi. Mwingine akasema amejisikia wito wa kusamehe. Wakapungua, wakapungua, mpaka benchi likabaki na mimi, wakili na Kipaza.

Kipaza alichukua kalamu akasaini ya kwake. Nampa heshima yake: hakusita, kwa sababu yeye hakuwa na la kuficha. Kisha akaitazama karatasi ile moja, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akinong'ona. Aliniuliza kama kweli wote. Nikamwambia aniulize mimi ya chumbani, kwamba kura zilihesabiwa sawa, na hayo mengine ni ya mtu na pazia lake. Wakili alikusanya makaratasi meupe, akasema kwa sahihi moja haendi popote, akavua viatu akavuka matope akicheka. Mkunga ameapishwa Jumatatu. Kinyozi alikuwa mstari wa mbele, na macho yake yaliona vizuri tu.

Sasa nikwambie la moyoni, na ulisome ukiwa umekaa.

Najua umeshahesabu kura za benchini na bado unajiuliza yangu ilikuwa wapi. Wifi yako alipozidiwa, nilimpakia kwenye mkokoteni wa gereji nikamsukuma mpaka kwenye zahanati ya mtaa. Nilikuta kufuli, na kupitia dirishani nikaona saruji ya Mkandarasi imepangwa mpaka dari, zahanati imekuwa ghala lake. Ilibidi nisukume mpaka mjini. Tulifika, lakini tulifika tumechelewa. Sikukwambia habari ya saruji kwa sababu wakati ule tulikuwa hatusemezani, na ungesema, "Nilikwambia." Siku ya kura nilivua kofia ya chama, nikaiweka mfukoni, nikaingia nyuma ya pazia nikampigia Mkunga. Nikatoka, nikaivaa, nikaenda kukaa kwenye kiti cha wakala kuzilinda kura za Mkandarasi kama mboni ya jicho. Kura ni yangu. Kile kiti kilikuwa cha chama, na waliokipigia chama walistahili kuhesabiwa mpaka wa mwisho, hata yule wa mkono unaotetemeka.

Nilidhani niko peke yangu. Kumbe gereji nzima ilivua kofia.

Kwa hiyo shangilia, mmeshinda, tumeshinda. Lakini usijivune sana, maana kile chumba ndicho kilekile nilichokaa nikiwa wakala uchaguzi uliopita, kwa macho haya haya. Na wakati ule, mdogo wangu, mlishindwa tu, hamkuibiwa. Nataka uje uniambie usoni kwamba unaniamini. Chumba chako nimekifagia, na zahanati imefunguliwa, hivyo hata goti halina udhuru.

Nisalimie binti yako, wajukuu na mkoromaji. Mkunga anakusalimu, na Kipaza pia, kwa sauti ya kawaida.

Ni mimi kaka yako,
wakala halali wa chama kilichoshindwa kihalali.