Nyoka wa Karatasi

Asteria, weka huo ungo chini usome.

Mama Salome kaniambia nichome vitabu vyangu. Vile vya katuni ya Malkia Nyamizi, tuliyokuwa tukigombania gazetini kipande kwa kipande tangu ujana. Mjukuu wangu Blessing kaniletea vyote vimeunganishwa, majalada manne manene.

Walikuja kusali hapa kwangu, yeye na Mama Maduhu na wenzao. Nikawapa chai na michembe ya viazi vitamu. Mama Salome akaona nyoka wa vichwa saba kwenye jalada, kikombe akakirudisha mezani. "Bibi Esta, huyu unamfuga?"

Mimi, nifuge nyoka.

"Lete kiberiti tuchome, kabla watu hawajasema."

Kabla watu hawajasema, Asteria. Unajua huku kwetu ajuza mwenye macho mekundu kama mimi akishasemwa ni mchawi, kinachofuata. Na macho yangu ni moshi wa kuni tu.

Basi nikavikalia. Vyote vinne. Nikawaambia, "Kitendawili." Hata wa kusema tega hakuna. Nikatega hivyo hivyo: "Ana vichwa saba, na hajawahi kumla hata kifaranga." Mama Maduhu chai ikampalia kwa kicheko. "Nyoka wa karatasi!"

Nikawaambia sifichi kitu, maana bibi anayeficha ndiye anayesemwa. Kesho jioni nasoma kwa sauti hapa uani, geti wazi, mtaa mzima usikie.

Mama Salome akatoka wa mwisho. Mlangoni akauliza polepole, "Huyo nyoka mwishoni anakufa?"

Nikamwambia aje kesho, na kigoda chake.