Usinitafute Kule Mtoni

Ruaha Mbuyuni,
Kilolo, Iringa.
21 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Bushiri,

Assalam aleikum. Hujambo, baba? Mkeo hajambo? Na mtoto wenu, ambaye mpaka leo namjua kwa picha moja tu, ameshaanza kukimbia? Kile kifua chako kilichokuwa kinakusumbua wakati wa baridi kimetulia? Nijibu yote haya, moja baada ya jingine. Usiniandikie "wote wazima" halafu ukanyamaza kama ulivyozoea.

Sisi huku tuko hai. Nalitanguliza hilo maana najua huenda umepiga simu ukaambiwa haipatikani, ukapiga tena, ukaanza kuwaza mabaya. Simu yangu ilikwenda na maji, na namba yako ilikuwa humo humo. Anwari, yule mtoto wa jirani anayeendesha malori, safari hii anafika Lubumbashi. Nimemwambia amuulize kila Mtanzania atakayemkuta huko mpaka akupate, akupe barua hii mkononi. Namba ya Naima, mwanangu, anayo pia.

Mto ulikuja mwezi wa nne. Wewe unaujua unavyopanda na kushuka, kwa hiyo hatukuhangaika. Mchana ule nilikuwa stoo nachambua vitunguu, Naima akaingia anapiga kelele, "Mama, toka! Maji yako kwa Bi Kudra!" Nikadhani tuna muda wa kubeba magodoro. Hatukuwa nao. Tulipofika juu shuleni nikageuka, nikauona ukuta wa nyuma, ule wa chumba chako, unakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Paa likafuata. Vitunguu, vitanda, cherehani ya marehemu mama, vyote vikaenda. Watu wetu wote walitoka salama, Alhamdulillah. Bi Kudra, na uzee wake ule, alibebwa mgongoni.

Baadaye kijiji kikatugawia viwanja huku juu, maana kule chini hawataki tena mtu ajenge. Kiwanja nikapata, lakini nyumba ningeitoa wapi, na shamba lote limejaa mchanga?

Ndipo wakaja wale vijana. Walitoka kanisa moja la Mbeya, maeneo ya Mwanjelwa, na basi lao limejaa sepeto na miko. Wengine wamemaliza chuo hawajapata kazi, wengine mafundi, wengine wauza duka walioomba ruhusa kwa matajiri wao. Kiongozi wao ni binti anaitwa Tupokigwe, mwembamba lakini sauti yake utadhani ana kipaza. Mwanzoni tuliwaangalia kwa mbali. Watu walisema hawa watatuhubiria kwanza, kujenga baadaye. Siku ile ile Tupokigwe akaja na kuku hai kwapani, akauliza, "Mama, nani hapa anachinja ili tule wote?" Maneno yakaishia hapo.

Fundi wao mwashi ni Ambokile. Ana umri kama ule uliokuwa nao ulipopanda lori kwenda Kongo. Akishika mwiko anapiga mluzi, na mluzi wake, Bushiri, unapanda na kukatika kama wako. Kila alipoanza nilikuwa nageuka. Naima akawa ananicheka. Hakujua kwamba nikigeuka nilikuwa natazama barabarani.

Mpango wao ulikuwa vyumba viwili kila nyumba. Nikamwambia Ambokile nataka na cha tatu.

"Cha nani, mama?"

"Cha mdogo wangu. Yuko Kongo."

"Anarudi lini?"

Nikainama nikachota udongo. Hakuuliza tena. Kesho yake nilimkuta amevuta kamba ya vyumba vitatu. "Bati tutabana," akasema, "lakini matofali ya hicho cha tatu mfyatue wenyewe." Tukafyatua, mimi na Naima, mpaka viganja vikachubuka. Yakikauka tunayapanga pembeni. Nilikuwa nayafunika kwa nyasi mwenyewe, sitaki mtu ayaguse. Nilikuwa nayaangalia kama naangalia uso wako.

Sasa ngoja nikuambie linaloniuma. Nyumba ya Bi Kudra ilikuwa ya mwisho kwenye zamu. Vijana wamebakiza siku chache kuondoka, ng'ombe waliokuwa wanapitishwa kwenda malishoni wakaingia kiwanjani kwake, wakakanyaga matofali yake yote mabichi. Halikubaki zima hata moja. Tupokigwe akaja akakaa nami. "Mama Naima, hatuna muda wa kufyatua mengine," akasema. Hakuniomba kitu, lakini macho yake yalikwenda kwenye rundo lako.

"Yale ni ya Bushiri," nikamwambia. Nilisema kwa ukali, na yule binti hakuwa na kosa.

Nikaenda kumwona Bi Kudra hemani. Unakumbuka mama alivyolazwa Iringa, ni mgongo wa nani ulikubeba mpaka alipotoka. Nilimkuta anakohoa, turubai limechanika upande wa kichwani. Kabla sijafungua mdomo, akanishika mkono. "Nimesikia wanayoyasema. Usiyaguse, Mwanaidi. Mtoto akirudi atalala wapi?"

Kama angeyaomba, labda ningekataa. Nikarudi nikamwambia Ambokile ayachukue. Sikutaka kuona, nikashuka shambani. Niliporudi walikuwa wamejipanga mstari mrefu, wanapokezana matofali yako mkono kwa mkono, na hakuna aliyekuwa anaimba. Bi Kudra sasa ana nyumba, na mlango wake unafungwa kwa komeo. Kwangu ni vyumba viwili. Chako hakipo, mdogo wangu. Ni msingi tu. Ambokile aliniuliza kama aufukie, watu wasije wakajikwaa. Nikamwambia auache. Akachukua saruji iliyobaki, akaupaka juu mvua isiule.

Siku ya kuondoka Naima alilikimbilia basi mpaka barabara kuu. Mimi nilipika ugali wa watu wengi kwa mazoea, tukakaa tunautazama. Nikawa nawaza mama zao kule Mbeya, wanasikia hodi, wanafungua milango. Niliwaonea wivu, Mungu anisamehe.

Naima anakusalimu. Anasema umletee kitenge cha Kongo, mimi nasema ujilete wewe. Bi Kudra anakusalimu, kila swala hakusahau. Mjomba Shamsudin wa Kihesa naye anakusalimu, miguu inamsumbua lakini domo halijapungua. Msalimie sana wifi yangu, umbusu mtoto, na mwambie ana shangazi. Mwenyezi Mungu awahifadhi huko mliko, awafungulie njia.

Sina la kukudai. Ila kiangazi bado kirefu na udongo wa huku ni mzuri. Ukija sasa tutafyatua wote, na kabla ya mvua kuanza utakuwa na ukuta.

Tena, usinitafute kule mtoni. Ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nimekuona mara nyingi kichwani, umeshuka na begi lako, umekwenda moja kwa moja pale pa zamani, umekuta mchanga mtupu, ukadhani tumekwisha, ukageuza. Usigeuze. Ukishuka kituoni, upe mto mgongo, panda njia ya shule. Nyumba ya tatu baada ya uwanja wa mpira ni yangu. Mchana mlango huwa wazi. Usipige hodi kama mgeni, ingia.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mwenye macho njiani,

Mwanaidi