Daktari Anayenishikilia Nafasi

3 Machi, mwaka wa kumi na tisa tangu niondoke

Mdogo wangu,

Hujambo? Mgongo umekupa nafuu? Mimi mzima, macho tu yanazeeka.

Umeniandikia kurasa tatu, na mbili na nusu ni sifa za huyo daktari wa muda aliyeletwa hapo hospitalini kunishikilia nafasi yangu ya upasuaji wa watoto. Waliomtangulia uliwamaliza kwa mstari mmoja mmoja, nami nilicheka. Nieleze basi: yule mtoto uliyemtaja, wa siku mbili mwenye utumbo ulioziba, daktari alipompasua amemwachia kovu la urefu gani? Na hunawa mikono kwa muda gani? Vijana wana haraka.

Kaka yako

21 Machi

Kaka, shikamoo.

Mgongo ni ule ule, tunavumiliana.

Kovu ni fupi kuliko kidole changu cha mwisho. Yako yalikuwa marefu, usinune. Hunawa mpaka mimi muuguzi wake nachoka kumsubiri. Kabla ya kupasua, humchorea mama tumbo la mwanawe, amwonyeshe atakapokata. Wewe ulikuwa na lako moja: "Subiri nje, mama."

Sasa sikiliza. Mkataba wake unaisha mwisho wa Mei. Utawala hauwezi kumwajiri kwa sababu nafasi bado ni yako. Walikuwekea kwa heshima, wakidhani utarudi. Wanataka barua yako ya kujiuzulu. Bila hiyo ataondoka, na watoto watapelekwa hospitali iliyo mwendo wa siku nzima. Si wote watakaofika.

Mdogo wako

6 Mei

Kaka, shikamoo.

Wiki sita kimya. Najua huumwi, binti yako anasema unatembea kila asubuhi na kulalamika kila jioni. Wivu ungekuwa homa, ningekulaza wodini.

Daktari ameanza kufunga vitabu vyake. Kwenye kitanda cha nne kuna mtoto ambaye utumbo wake umetolewa ubavuni, unangoja kurudishwa mwezi wa sita. Na nani?

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu,

Salamu, na unisamehe. Usiilaumu posta. Barua ile ya kujiuzulu nimeiandika na kuichana mara nyingi.

Nilimwonea wivu, tena wa kitoto. Kila aliyeshindwa mle katika chumba cha upasuaji alinifanya nijione nimetoka juzi tu. Huyu amenihesabia miaka yangu yote. Juzi nilijaribu kuchora tumbo la mtoto mchanga. Kalamu haikunitii, utumbo ukawa kama kamba ya kiatu.

Barua wanayoitaka utawala imo humu, nimeitia sahihi. Ipeleke leo hii, kabla sijakupigia simu kukuzuia.

Mimi sitarudi.

Kaka yako