Mjomba Masikio Hasikii Tena

Shikamoo mshauri, naomba msaada na usinicheke, shule niliacha mapema na mbele za watu mdomo wangu ni mzito. Mjomba wangu ni fundi magari, ndiye aliyenilea, na mtaa mzima humwita Masikio kwa sababu gari lilikuwa halijakata kona ashakwambia linaumwa nini. Sasa kuna dada mmoja muuguzi, gari lake lilikuwa linawasha taa ya injini, mjomba akalipima kwa mashine, mashine ikasema sensa ya oksijeni, kile kifaa cha kupima hewa kwenye bomba la moshi, ndiyo mbovu, akabadilisha, taa ikarudi, akabadilisha tena, ikarudi tena, na mimi nikiwa chini ya gari nasikia kabisa bomba la moshi linapumua pale kwenye maungio kabla ya sensa, tsi tsi tsi, ndio maana sensa inasoma uongo maana inavuta hewa ya nje. Dada akasema, "Fundi, na mwanangu kila tukifika shule kichwa kinamuuma, anasinzia." Mjomba akajibu, "Sensa feki hizi, dada, tunaweka nyingine." Nikamwambia, "Mjomba, kuna mlio hapa chini." Akanigeukia, "Mlio gani? Masikio ni mimi, wewe nani, Pua?" Wote pale gereji wakacheka. Lakini mshauri, mimi namwangalia siku nyingi, ukimwita kwa nyuma hageuki, siku hizi anatazama midomo, na nyumbani redio inapiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta. Nikisema kweli nimemuua mjomba. Nikinyamaza je? Gari lipo gereji, dada analifuata kesho.

JIBU

Mwanangu, barua yako nimeipitisha mbele ya zote. Pole, najua unavyompenda. Lakini unamlindia mjomba jina wakati mtoto wa watu anavuta moshi unaovuja na kuingia hadi kiti cha nyuma? Heshima gani hiyo? Moshi ule unaua, na hauna haya.

Gari hilo lisitoke. Mjomba akikataa, mfuate dada mwenyewe umwambie, hata ukigugumiza, na mtoto akapimwe hospitali.

Asubuhi, wateja hawajafika na injini ikiwa baridi, changanya maji na sabuni, pakaza kwenye yale maungio, kisha mwombe mjomba awashe gari aje atazame. Povu litachemka penye ufa. Macho yake bado mazima, ataona. Hapo funga mdomo, usimfundishe kitu, mwache alitamke yeye. Akikutukana, vumilia, anayelia ndani hutukana nje. Mkishaziba ufa, futeni kosa kwa ile mashine, mliendeshe, mpime tena. Huenda sensa ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Kisha mpeleke mjomba kwa daktari wa masikio. Sikudanganyi, huenda yasirudi. Basi acha kumwita kwa nyuma kama unayemjaribu. Zunguka, simama mbele ya uso wake, ndipo useme.