Hatifungani na furushi la Bibi Révérienne

Kurwa, acha unachofanya. Profesa Faustini, gwiji wa uchumi wa kidato cha tatu, kaaibika.

Kamketisha bibi yake, Révérienne. Eti hela za bibi zisiishie zote kwenye madumu ya mawese anayouza, nyingine ziende mfuko wa hatifungani za serikali. Yaani aikopeshe serikali kwa miaka ishirini.

Ishirini, Kurwa. Kwa mkimbizi aliyefika Gungu "kwa wiki mbili" kabla Faustini hajazaliwa, na furushi la kurudia Burundi bado liko nyuma ya mlango.

Bibi akauliza, "Miaka yote hiyo, serikali itakuwepo?"

Gwiji akafunua daftari la uchumi.

"Na mimi nitakuwa hapahapa?"

Akalifunga.

Bibi akalivuta furushi, akalifungua, akatoa sufuria aliyoitunza miaka yote aende kuipikia kwao. "Haya, niandikishe. Leo pikieni hii."

Sasa Profesa analia, anasingizia moshi.