Kompyuta Iliyotiwa Kalafati

Mbamba Bay

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya hapo Lindi, goti la mama limepoa, na mwanangu Zuhura haumwi tena masikio. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imenijaa, na nisipokutapikia wewe nitamtapikia mteja.

Nadhani umesikia kwamba ile kampuni ya kahawa iliyonileta Mbinga kupiga chapa imefunga. Bei ilipoanguka mabwana walijiondokea, wakamwacha msimamizi atugawie vitu vya ofisini mahali pa kiinua mgongo. Wenzangu walipata viti na mizani. Mimi nikapewa kompyuta kuukuu. Wanaiita soko huria. Huria ni yao, dada, sisi ni soko.

Sikukuandikia wakati ule kwa sababu nilikuwa na shauri langu. Nishuke nayo huku ziwani, ambako hakuna mpiga chapa, nikae kwenye baraza la mwenye duka mmoja aliye na jenereta, niwachapie walimu na watu wa kanisa. Kazi ikisimama nipange chumba, nije nimchukue Zuhura kabla shule hazijafunguliwa Januari. Hilo tu ndilo nililolitaka. Nilijua utasema mtoto si begi la kubebwabebwa, ndiyo maana nikanyamaza.

Basi kwenye mteremko wa kutoka Mbinga, gunia la mahindi likaiangukia kompyuta ndani ya lori. Sanduku lake la bati likapondeka. Vya ndani vilipona. Nikampelekea fundi Osmundi wa Lundo, mzee anayeunda maboti ya mbao. Akaigeuzageuza, akasema, "Mama Zuhura, hiki nacho ni chombo, kidogo tu. Niachie nipime." Akachonga sanduku la mninga, dada, kona zimeumana hata unywele haupiti. Chini ya bodi ya nyaya tukaweka vipande vya kandambili ili isiguse misumari. Nyuma akaacha tundu la feni. Nilipowasha ikawaka, nikapiga vigelegele peke yangu pale barazani.

Furaha haikudumu. Huku kuna vijidudu vinaitwa nkungu, vinainuka ziwani kama moshi na kufuata taa. Jioni ile ile viliingia kwenye tundu mpaka feni ikakwama. Wenyeji huvikusanya wakavifanya kitoweo. Mimi nilikuwa navichokoa kwa njiti ya kiberiti huku nalia. Mzee Osmundi akaja, akatikisa kichwa.

"Chombo chenye tundu si chombo, mama. Nikitie kalafati?"

Na mimi, mtoto wa pwani niliyekulia kwenye nyundo za mafundi wa vyombo, nikasema tia. Akashindilia pamba kila mahali, akaziba na lile tundu, akapaka lami juu yake. Nikamsifu. Nikamwambia hata marehemu baba angempa mkono.

Asubuhi walimu wa Kihagara wakaniletea mitihani ya shule yao niichape, kazi ambayo ingenilipia chumba. Nikachapa hadi adhuhuri. Nikasikia harufu ya chombo kipya ufukweni, nikadhani pua inanikumbusha nyumbani. Kumbe lami inayeyuka kwa joto la ndani, inamwagikia bodi ya nyaya. Kioo kikazima, hakikuwaka tena. Kitu kile kinataka kupumua, na sisi watu wa maboti tulikuwa tumekizika kizima.

Fundi redio mmoja kutoka Songea aliifungua akacheka mpaka akashika mbavu. "Hii sasa haizami," akaniambia. Nusura nimpige nalo hilo sanduku. Walimu wakachukua makaratasi yao wakayapeleka Mbinga. Mzee Osmundi alikuja kunipa pole, akasimama na kofia mkononi. Sina hasira naye. Hasira yangu ni kwa wale walioondoka na magari mazima wakatuachia sisi vyuma chakavu tuvifanye maisha.

Sasa nauza maandazi kwenye baraza lile lile, na ninalala stoo ya mwenye duka, kati ya magunia ya dagaa na madumu ya mafuta. Hapa simleti mtoto. Mwandikishe shule hapo hapo, dada. Na usimwambie kwamba nilitaka kuja Januari.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri. Nisalimie shemeji, mumeo, anayemlea asiye wake bila kunung'unika. Nisalimie na Bi Fatu, jirani yetu, ambaye kila Idi humshonea Zuhura gauni.

Uliniandikia kwamba Zuhura siku hizi anakuita mama, mama mkubwa hataki kusema, na kwamba humwitikii mpaka ajirekebishe, kwa kunistahi mimi. Mwitikie, dada.

Mdogo wako,
Somoe